Homoni si maneno ya mtihani tu

Ninyi wanafunzi wa shule za wauguzi, leo tunataka kusema neno ambalo halitawapendeza wote. Walimu wengine watakunja uso. Wanafunzi wengine watasema tunawaongezea kazi. Hatuogopi. Kuna jambo ambalo likinyamaziwa linaua watu, tena linawaua polepole, mbele ya macho yetu.

Siku moja tulitembelea shule moja ya wauguzi. Jina lake tunaliacha. Mwalimu alimwita binti mmoja asimame, akamwuliza habari za tezi za mwili na homoni zake. Yule binti alisimama vizuri, mikono nyuma, akataja yote bila kukosa: hipofizi, tiroide, paratiroide, surenali, kongosho, ovari. Akataja na homoni za kila tezi, kwa Kifaransa safi. Mwalimu akafurahi, wenzake wakapiga makofi. Saa sita tukatoka pamoja naye mpaka nje, mahali ambapo mama mmoja huuza ndizi. Shingo ya mama huyo ilikuwa na rovu kubwa kama chungwa. Tukamwuliza binti: « Mama huyu ana nini? » Akajibu: « Ni mambo ya kwao. Katika kijiji chake wengi wako hivyo. »

Tulinyamaza. Haikupita hata saa moja tangu alipotaja tiroide kwa sauti kubwa, na sasa tiroide yenyewe ilikuwa mbele yake, inauza ndizi, naye hakuitambua. Binti hana kosa. Kosa ni la namna tunayomfundisha. Na kosa hili linajificha nyuma ya maneno matatu tunayoyasikia kila mahali. Tuyatwae moja moja, tuyapime.

NENO LA KWANZA : « HAYO NI MAGONJWA YA WAZUNGU »

Wengi wanasema: Kwetu kuna malaria, kuharisha, kifua kikuu, utapiamlo. Magonjwa ya homoni ni ya watu wenye kushiba, wanaokaa Ulaya. Sisi tutayajifunza kwa ajili ya mtihani, kiisha tutayasahau.

Ni uwongo. Tena ni uwongo wa ajabu, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ya dunia juu ya ugonjwa wa rovu ilitafutwa hapa kwetu, katika Kongo.

Tazameni kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 waganga na wajuzi, kati yao François Delange na wenzake, walikwenda kule kupima shingo za watu. Waliona jambo la kushangaza. Upande wa kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi, walikuwa wachache sana. Lakini iyodi ilikuwa haba pande zote mbili! Kama ukosefu wa iyodi ungekuwa sababu peke yake, mbona watu wa kusini hawakuvimba shingo kama ndugu zao?

Wakatafuta katika chakula, nao wakaona muhogo. Muhogo uliotoka kule kwenye marovu mengi ulizuia tezi kushika iyodi. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri, sumu hiyo inabaki. Mwili unapambana nayo, unaigeuza kuwa kitu kingine kinachoitwa tiosianate, na hicho kinaingia mahali pa iyodi kwenye mlango wa tezi, kama mtu anayesimama mlangoni akazuia mgeni asipite. Pale ambapo iyodi ni nyingi, mgeni atapita tu. Pale ambapo iyodi ni kidogo, mlango umefungwa.

Basi hapa si Ulaya. Ni muhogo wetu, ni mlima wetu, ni mvua yetu ambayo kwa miaka maelfu imeosha iyodi katika udongo na kuipeleka mbali baharini. Na vivyo hivyo katika Ubangi na katika Uele, kaskazini mwa Kongo. Nani atasema tena kwamba tiroide ni habari ya Wazungu?

TEZI NDOGO, KAZI KUBWA

Tuwaeleze kwa maneno mepesi, kwa maana mwenye kuelewa vema anaweza kueleza hata kwa bibi yake kijijini.

Homoni ni mjumbe. Tezi inamtuma katika damu, naye anafika mbali na kupeleka amri. Neno lenyewe si la zamani sana: Starling, mjuzi wa Uingereza, alilitumia mara ya kwanza mwaka 1905, na maana yake katika Kigiriki ni kuamsha, kusukuma. Tiroide, iliyo mbele ya shingo, inatuma mjumbe anayeitwa tiroksini. Amri yake ni hii: moto wa mwili uwake, moyo upige, mtoto akue, ubongo ujengwe. Na tiroksini haifanyiki bila iyodi, kama vile bugali haupikwi bila unga.

Nani anaiamrisha tiroide? Ni hipofizi, tezi ndogo kama punje ya haragi, iliyofichika chini ya ubongo. Fikirini mama aliyekaa jikoni mbele ya chungu. Maji yakipoa, anaongeza kuni. Yakichemka mno, anaondoa kuni. Hipofizi inafanya vile vile. Tiroksini ikipungua katika damu, inapiga kelele: « Tiroide, fanya kazi! » Tiroksini ikitosha, inanyamaza. Basi iyodi inapokosekana, hipofizi inapiga kelele usiku na mchana, na tiroide maskini, kwa kutaka kutii, inanenepa, inavimba, inashuka mpaka kifuani. Lile rovu la mama muuza ndizi ni tezi inayojitahidi kutii amri bila kupewa vifaa.

Mwanafunzi akielewa jambo hili moja, ameelewa nusu ya somo lote la homoni. Kila tezi ina mwamrishaji wake, na kila amri ina kipimo. Ikipungua ni ugonjwa, ikizidi ni ugonjwa. Lakini tunawapa wanafunzi orodha ya majina thelathini, na habari ya chungu na kuni hatuwaambii.

Zamani hata waganga wakubwa hawakujua kazi ya tezi hii. Katika Uswisi, inchi ya milima kama Kivu, mganga Kocher wa mji wa Bern alikuwa mkata-rovu hodari kuliko wote. Alikuwa anaondoa tezi yote, na wagonjwa walipona kidonda vizuri. Kiisha akawaita warudi, awaone. Wengi wa wale waliokatwa tezi yote walikuwa wamebadilika: uso umevimba, maneno mazito, akili polepole, na watoto hawakui tena. Mwaka 1883 akasimama mbele ya waganga wenzake, akaeleza yale aliyoyaona. Mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel. Tunampenda mganga huyu kwa sababu moja: aliwaita wagonjwa wake tena, akawatazama, wala hakuficha aliyoyaona. Je, sisi tunawatazama wetu?

WATOTO AMBAO HATUWAHESABU

Rovu peke yake si ubaya mkubwa. Linaonekana, halina maumivu, na mtu anaweza kuzeeka nalo. Ubaya mkubwa hauonekani.

Mama mjamzito asiye na iyodi ana mtoto asiye na iyodi. Ubongo wa mtoto unajengwa katika tumbo, na wajenzi wanangoja amri ya tiroksini. Amri isipofika, nyumba inajengwa vibaya, wala haitabomolewa ijengwe upya. Mtoto atazaliwa. Atakaa. Lakini atachelewa kutembea, atachelewa kusema, atabaki mfupi, uso mnene, ngozi kavu, akili ya mtoto mchanga katika mwili wa mtu wa miaka 20. Waganga wanamwita kretini. Katika Kongo, hasa katika Idjwi na Ubangi, waliona namna hii ya watoto wafupi na wazito kwa wingi.

Na kwa kila kretini mmoja anayeonekana, kuna watoto wengi ambao wamepungukiwa kidogo tu. Hawa hakuna anayewahesabu. Wanakaa darasani, benchi la nyuma. Mwalimu anasema ni wavivu. Baba anasema wamerithi ujinga wa upande wa mama. Lakini kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo sana! Mtu mzima anahitaji iyodi mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito 250. Pigeni hesabu: mtu akiishi miaka 70, iyodi yote ya maisha yake haifiki gramu 4. Ni kiasi cha kujaza kijiko kidogo cha chai, wala kisijae. Kwa kukosa kijiko kidogo, kijiji kizima kinapungukiwa akili. Hapo mtu asituambie kwamba somo la homoni ni la mtihani.

Tena kuna mtoto mwingine, ambaye mama yake anakula iyodi vizuri, lakini yeye amezaliwa bila tiroide, au na tiroide isiyofanya kazi. Siku za kwanza mara nyingi anaonekana mzima. Kiisha watu wanamsifu: « Mtoto huyu ni mpole, halii, analala tu. » Ninyi wauguzi wa maternite, sifa hiyo iwashtue! Mtoto mchanga asiyelia, asiyenyonya kwa nguvu, ambaye macho ya manjano hayaishi, anayefunga choo, mwenye ulimi mkubwa, ngozi baridi, kitovu kilichotokeza, sauti nzito: huyu mpelekeni haraka kwa mganga. Akianza kupewa tiroksini katika majuma mawili ya kwanza, ubongo wake utaokoka. Tukingoja miezi, dawa itakuza mwili, akili haitarudi. Na dawa yenyewe ni kidonge kidogo kinachosagwa na kutiwa katika maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Tofauti kati ya mtu mzima na kretini ni muguzi mmoja aliyetazama.

NENO LA PILI : « BILA MAABARA HATUWEZI KITU »

Wengine wanasema: Ni kweli, lakini homoni hazionekani. Zinapimwa katika mashini kubwa. Sisi katika kituo cha afya tuna kipima-joto na mzani tu. Tufanye nini?

Tunajibu: Murray wa Newcastle alikuwa na mashini gani, mwaka 1891, alipomponya mama mmoja kwa maji ya tezi ya kondoo? Alitazama uso wake uliovimba, ngozi kavu, mwendo wa polepole, akajua. Ugonjwa wa homoni unaandikwa juu ya mwili wa mtu. Unasomwa kwa macho, kwa mikono, na kwa maswali matatu au mane.

Sikieni habari tuliyoiona sisi wenyewe. Binti wa miaka 13 aliletwa katika kituo kimoja. Alikuwa amekonda kwa majuma machache. Anatapika, anahema kwa nguvu, tumbo linamuuma. Wakasema malaria. Wakamtundikia serumu ya sukari na kinini ndani yake. Usiku akapoteza fahamu, kabla ya mapambazuko akafa. Mama yake alikuwa amesema mlangoni, tena mara mbili: « Anakunywa maji ndoo nzima, na anaamka kukojoa usiku kucha. » Hakuna aliyeandika neno hilo. Lingetosha. Binti alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kongosho lake halikutoa insulini tena. Nao wakamwongezea sukari katika mshipa.

Swali moja lilikosekana: « Anakunywa maji namna gani, anakojoa namna gani? » Swali hilo halina bei. Na pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva mno. Pua pia haina bei. Kupima sukari kwa tone la damu ya kidole si mashini kubwa. Vituo vingi vinaweza kuwa na kipimo hicho, kama mkubwa wa kituo anakitaka kweli. Na insulini si siri ya juzi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, katika mji wa Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, aliyekonda karibu na kufa, alidungwa insulini, akaishi. Binti wetu alikufa zaidi ya miaka 90 baada yake. Hatusemi haya ili tumhukumu muguzi mmoja wa zamu ya usiku. Alifanya alivyofundishwa: homa au si homa, kila mgonjwa ana malaria.

Tazameni na upande mwingine wa kongosho. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupungukiwa sukari katika damu. Na kinini, dawa ambayo vizazi vya wauguzi wameitumia, inalisukuma kongosho litoe insulini nyingi zaidi, sukari ikashuka tena. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anapoteza fahamu, nao wanasema: malaria imepanda kichwani. Kumbe ni njaa ya sukari. Kama mshipa haupatikani, kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa maji, kikiwekwa chini ya ulimi, kinaweza kumshika mtoto mpaka afike lopitali. Mwenye kuelewa insulini ni nini atakumbuka jambo hili usiku wa manane. Mwenye kukariri tu hatakumbuka.

Na ninyi mnaozalisha mama zetu, mnasema hamna kazi na homoni? Ile ositosini mnayomdunga mama, vipimo 10, mara mtoto akiisha kuzaliwa, ni homoni ya hipofizi. Inaamuru tumbo la uzazi likaze, damu isimwagike. Ndiyo maana haitakiwi kuachwa dirishani penye jua. Inataka baridi, kati ya digri 2 na 8, kama sivyo inakufa ndani ya chupa, nanyi mtadunga maji matupu. Na mtoto anaponyonya mara anapozaliwa, mwili wa mama unatuma ositosini yake mwenyewe. Kila siku mnafanya kazi ya homoni kwa mikono yenu, na bado mnasema ni somo la kitabu!

NENO LA TATU : « NI SUMU, NI ULOZI »

Hili ndilo neno baya kuliko yote, kwa maana linamtafuta mtu wa kulaumiwa.

Mtu akikonda ghafula, wanasema: amepewa sumu, tazameni jirani yake. Shingo ya mwanamke ikivimba, wanasema: ni laana ya ukoo. Mtoto asiposema, wanasema: mama alivunja mwiko. Na tumesikia habari ya mama aliyemwaga damu nyingi wakati wa kuzaa. Alipona. Lakini maziwa hayakuja hata tone. Miezi ikapita, damu ya mwezi haikurudi, akawa mnyonge, anasikia baridi, nywele za mwilini zikaanguka. Watu wa mume wakasema: ametupiwa kitu, tena mwanamke bila maziwa ni mwanamke gani? Wakamrudisha kwao.

Ugonjwa huo unajulikana. Mganga Sheehan aliueleza mwaka 1937. Hipofizi ya mama mjamzito inanenepa na kutaka damu nyingi. Damu ikimwagika mno wakati wa kuzaa, hipofizi inakufa kwa kiu. Mwamrishaji amekufa: maziwa hayaamriwi, ovari haziamriwi, tiroide haiamriwi, surenali haziamriwi. Kuna dawa za kuchukua mahali pa homoni hizo. Basi mama yule alinyimwa dawa, na juu yake akanyimwa nyumba yake. Muguzi aliyemzalisha alijua kwamba alimwaga damu. Kama angalijua sehemu ya pili ya habari, angaliweza kusimama mbele ya ukoo na kusema: « Nyamazeni. Huyu ni mgonjwa, hana kosa. » Neno la muguzi lina nguvu kijijini. Lakini muguzi asiyejua ananyamaza, na wakati mwingine anasadiki ulozi pamoja na wengine.

Tunasema wazi: kila mahali ambapo muguzi hajui, mtu asiye na kosa atalipa.

TUSIFANYE KOSA LA UPANDE MWINGINE

Sasa tunawaonya wale watakaoshika bidii bila akili. Si kila uvimbe wa shingo ni rovu la iyodi. Uvimbe mgumu unaokua haraka, au sauti iliyokauka pamoja nao, au mtu anayekonda huku macho yametokeza na moyo unapiga mbio, huyo anataka mganga. Wala iyodi si peremende. Mtu aliyekaa miaka na rovu la vifundo, akimiminiwa iyodi nyingi ghafula, tezi yaweza kuwaka kupita kiasi. Wajuzi walijifunza jambo kama hilo katika Kongo yenyewe. Waliona kwamba watu wa inchi za marovu wanakosa pia kitu kingine, selenyumu. Wakawapa selenyumu kwa nia njema, kabla ya iyodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakatangaza kwamba wale ambao tiroide yao ilikuwa imeshindwa walizidi kupungukiwa tiroksini. Fundisho ni hili: mwili ni mzani. Ukiweka jiwe upande mmoja bila kutazama upande wa pili, unaangusha.

Na hapa tuna hasira na wafanya-biashara fulani. Katika masoko ya miji yetu wanauza vidonge vya kunenepesha na mafuta ya kung'arisha ngozi, na mara nyingi ndani yake mna homoni za namna ya surenali, kama deksametasone. Msichana anameza, uso unakuwa mviringo, anasifiwa kuwa amependeza. Kiisha ngozi inapasuka mistari, damu inapanda, sukari inapanda, vidonda haviponi. Surenali zake zimelala, kwa sababu mjumbe anatoka sokoni kila siku. Siku atakapoacha ghafula, ataanguka, na anaweza kufa. Muuguzi anayeuza vidonge hivyo chini ya meza ya dispanseri, naye yupo, tunamjua kwa matendo yake, ni heri avue nguo nyeupe.

CHUMVI INATOSHA, LAKINI NANI ANAITAZAMA?

Uswisi ilianza kutia iyodi katika chumvi mwaka 1922. Leo kretini wa kukosa iyodi hawazaliwi tena katika milima ile. Katika Ubangi, miaka ya 1970, waganga walidunga watu mafuta yenye iyodi; sindano moja ilitosha miaka kadhaa. Na katika miaka ya 1990 chumvi yenye iyodi ilianza kuenea katika Kongo, na marovu mapya yakapungua sana. Ni ushindi mkubwa, nasi tunaushukuru.

Lakini ushindi wa chumvi si kama ushindi wa ndui. Ndui ilikufa, ikazikwa. Iyodi inatakiwa kila mwaka, kila juma, mpaka mwisho wa dunia. Chumvi isiyo na iyodi ikiingia sokoni kwa sababu ni rahisi franga chache, rovu litarudi kimya kimya. Na hata chumvi njema inaharibika: gunia wazi mbele ya duka, jua na mvua juu yake, iyodi inakwenda zake. Jikoni nako, chumvi ikitiwa mapema katika sombe inayochemka muda mrefu, sehemu ya iyodi inapotea. Itiwe mwishoni, na mkebe uwe na kifuniko.

Haya ni mambo ya kufundisha kwa siku moja. Basi hatuombi lopitali mpya wala mashini. Tunawaomba walimu wa wauguzi mambo manne.

Kwanza, kila somo la tezi lianze na mgonjwa, si na ubao. Mtafuteni mama mwenye rovu, mwombeni ruhusa kwa heshima, mwanafunzi asimame nyuma yake, aweke vidole, amwambie ameze mate, aisikie tezi inapanda na kushuka. Hatasahau tena.

Pili, wanafunzi wapime chumvi ya soko lao wenyewe. Kuna dawa ya matone; chumvi yenye iyodi inageuka buluu, isiyo na iyodi inabaki nyeupe. Chumvi njema ina iyodi miligramu 15 mpaka 40 katika kilo moja, inapofika nyumbani. Wakiikuta nyeupe, wamwambie mwenye duka, tena waandike kwa mganga wa wilaya ya afya.

Tatu, mama wafundishwe kwamba muhogo mchungu ulowekwe siku tatu mpaka ulainike, kiisha uanikwe ukauke kabisa. Bibi zetu walijua hivyo. Haraka ya njaa na ya vita imewafanya watu wengi wafupishe siku, na mwili unalipa.

Nne, mtihani ubadilike. Mwanafunzi asiulizwe: « Taja homoni za hipofizi. » Aulizwe: « Mama amemwaga damu nyingi, juma la pili hana maziwa; utafanya nini? » Aulizwe: « Mtoto wa majuma mawili ni mpole mno, unasemaje? » Asiyejibu asipewe cheti, hata kama Kifaransa chake ni kizuri namna gani.

Watatuambia: Mnadai mno kwa muguzi maskini, anayelipwa kidogo au halipwi. Tunajua taabu yake, sisi wenyewe tumeionja. Lakini kutazama hakuongezi gharama. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema wazee. Basi inaonekana kwamba sisi tunapaswa kuambiwa.

Yule binti wa shule tuliyemtaja mwanzoni, tulirudi pamoja naye kwa muuza ndizi. Tukamsalimu mama, tukanunua ndizi zake, tukamwuliza anatumia chumvi gani nyumbani. Akasema: « Ile ya gunia, ni rahisi. » Tukamwuliza ana watoto wangapi. Akasema watano, na wa sita njiani. Binti akamtazama tumbo, kiisha akatutazama sisi. Hakusema neno. Kesho yake, walituambia, alirudi peke yake na pakiti ya chumvi yenye iyodi, akamfuata mama yule mpaka maternite akaandikishwe.

Siku ile ndiyo alianza kujifunza somo la homoni. Ninyi wengine, mtaanza lini?